Juu ya Vitabu vya Kuwafundishia Watoto wa Bendi
Hotuba kwa waalimu na wakristo wa parokia za Ufipa



Tumeagizwa tuseme maneno machache juu ya bendi za shule, na hasa juu ya vitabu vya kuwafundishia watoto kupiga pamoja. Huenda wengine walidhani kwamba tutazisifu tarumbeta zilizotangulia maandamano ya leo asubuhi. Zimepigwa vizuri, nasi twawashukuru watoto. Lakini sifa hazihitaji hotuba. Sisi twataka kuuliza neno jingine: mwalimu wa bendi akihamishwa mwezi ujao, watoto hawa watapiga nini mwezi utakaofuata?

Mtu yeyote aliyefundisha Ufipa muda mrefu ajua shule moja au mbili ambako jambo hilo limekwisha kutokea. Twaijua moja, wala hatutataja jina lake. Palikuwa na mwalimu hodari mwenye sikio jema, naye alifundisha sauti zote kwa kinywa chake: huyu akimwimbia, yule akimshika vidole, wa tatu akimpigia mfano. Watoto wakaweza nyimbo kumi na mbili pasipo karatasi hata moja, na watu wakastaajabu. Ikaja barua ya uhamisho. Mwaka ule ule watoto wakubwa wakamaliza shule. Waliosalia walijua kila mtu sauti yake tu, tena si yote, wala hapakuwa na mmoja aliyejua sauti ya mwenzake. Wakajaribu miezi miwili. Kisha tarumbeta zikafungiwa ghalani, vitufe vyake vikaganda, na panya wakala ngozi ya ngoma kubwa. Hatumlaumu mwalimu yule, maana alifanya kazi ya watu watatu. Ila alipoondoka aliichukua bendi yote kichwani mwake, kwa kuwa haikuwako mahali pengine.

Basi ndilo jambo letu leo: kuitoa bendi kichwani mwa mwalimu na kuiweka katika karatasi, ili aje mwingine aifungue.

Kwanza yafaa tukumbuke njia ambayo vyombo hivi vilijia. Tarumbeta za shaba si za mababu zetu, lakini pia si ngeni kama wengine wanavyodhani. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikwisha anza ngoma iitwayo beni, kwa kuiga bendi walizozisikia za askari na za wazungu. Na baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ngoma hiyo ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi waliorudi makwao, ikiwa na vyama vyake vilivyoshindana kwa mavazi na kwa vyeo, Marini na Arinoti. Upande wa Ziwa Nyasa, watu wasio na fedha za kununua shaba walitwaa vibuyu, wakavitoboa na kuvitia utando mwembamba, wakaviimbia ndani, na sauti ikatoka kama ya tarumbeta. Ngoma hiyo ndiyo mganda, na kwa majirani wa Malawi huitwa pia malipenga. Habari ya vibuyu tutairudia, maana ina faida kwa shule maskini.

Katika Kanisa bendi haikukaribishwa upesi. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa amri juu ya muziki mtakatifu, akakataza bendi kupiga ndani ya kanisa, na ngoma na matoazi kadhalika. Lakini katika maandamano ya nje askofu aliweza kuiruhusu, mradi isipige nyimbo za kidunia. Si ajabu, basi, kwamba bendi za misioni zilizoea barabara na uwanja kuliko sakafu ya kanisa, na kwamba vitabu vyake vya zamani ni miendo ya kutembea tu, ukurasa hadi ukurasa. Miaka sitini ikapita. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, ukaagiza muziki wa mataifa yenye mapokeo yao upewe heshima na nafasi ipasayo, na vyombo vingine pia viweze kuingia katika ibada kwa idhini ya wenye mamlaka. Mwaka huo huo wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo mwalimu ambaye hata leo huwapa watoto miendo ya kijeshi tu anafundisha kana kwamba mwaka ungali 1903.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe. Yapata mwaka 1030 mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliona taabu ya watoto waliokariri nyimbo kwa kusikiliza tu. Akatwaa utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake huanza daraja moja juu ya kile kilichotangulia, akachukua silabi za mwanzo, ut, re, mi, fa, sol, la, akazifanya majina ya sauti. Katika barua yake alidai kwamba waimbaji waliokuwa wakihangaika miaka kumi waweza sasa kufundishwa kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana. Karne nane baadaye, huko Uingereza, mwalimu mwanamke wa Norwich aitwaye Sarah Glover alitunga njia ya kuziandika sauti hizo kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza. Faida yake kubwa ni kwamba d, r, m, f, s, l, t ni herufi zile zile za barua. Mtu mwenye taipureta, au penseli na mstari wa daftari, aweza kuandika wimbo mzima pasipo kuchora mistari mitano wala vichwa vya nota. Kwa njia hiyo shule nyingi za misioni za Afrika zilijifunza kuimba sauti nne.

Hapa tuwakumbushe jambo ambalo kila mtoto wa Tanzania aliimba leo asubuhi bila kulifikiri. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misioni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo akauandika kwa herufi hizo. Nyimbo zake alizitunza katika daftari. Alikufa mwaka 1905, angali kijana, na husimuliwa kwamba baada ya kifo chake daftari lile liliazimwa wala halikurudi tena. Wimbo mmoja ulisalia kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekwisha kuushika, nao ndio uliozaa Mungu Ibariki Afrika, tunaouimba katika nchi yetu tangu uhuru wa mwaka 1961. Nyingine zilizokuwa katika daftari lile zimepotea. Mwalimu mmoja, daftari moja, nakala moja! Hapa Ufipa pia wako waalimu wa namna hiyo, nao wana madaftari ya namna hiyo, mengine tumeyaona kwa macho yetu chini ya mto wa kitanda.

Lakini nota za herufi zilitungwa kwa ajili ya waimbaji, na tarumbeta ina shida yake. Mtoto wa tarumbeta ya B flati akipiga nota ambayo kitabu chake chaiita do, sauti itokayo ni B flati ya kinanda. Mwenzake wa horni ya alto akipiga do ya kitabu chake, hutoka E flati. Mwenye filimbi akipiga do, hutoka do. Wape wote watatu kitabu kimoja cha kwaya wasome mstari mmoja, nawe utasikia kitu ambacho wazee watadhani ni ajali ya barabarani.

Watu wa Ulaya waliitatua shida hii kwa njia mbili, na yafaa mwalimu azijue kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Katika bendi za kanisa la Kilutheri la Ujerumani, ambazo mchungaji Johannes Kuhlo wa Westfalia (1856–1941) alizistawisha sana, wapigaji wote huandikiwa sauti kama ilivyo kwenye kinanda, kila mtu akazoeza vidole vyake kuifuata. Hivyo bendi yaweza kufungua kitabu cha nyimbo cha kanisa na kupiga papo hapo pamoja na kwaya. Waingereza walifuata njia nyingine: katika bendi zao za shaba karibu vyombo vyote, tangu kile kidogo hadi tuba, huandikwa kwa ufunguo mmoja na kwa vidole vile vile, isipokuwa tromboni ya besi. Mtoto akihama kutoka tarumbeta kwenda tuba, vidole vyake havijifunzi upya.

Sisi twaona hivi. Bendi ya parokia, ambayo wapigaji wake ni watu wazima wakaao na chombo kimoja miaka kumi, itafaidika na njia ya Wajerumani. Lakini shuleni watoto huondoka kila mwaka, na mwezi wa Januari mwalimu hujikuta na tarumbeta sita na mpigaji wa tuba hana. Huko njia ya Waingereza ndiyo ifaayo. Wako waalimu wasiokubaliana nasi, nao wana sababu zao; tuliwahi kubishana habari hii mpaka taa ikaisha mafuta.

Na nota za herufi je, tuzitupe? Hasha. Zina kazi katika bendi kuliko watu wanavyofikiri, maana herufi hizi hazitaji funguo la kinanda, zataja mahali pa sauti ndani ya wimbo. Wimbo ukiwa katika B flati, do ya wimbo kwa mtoto wa tarumbeta ni C ya karatasi yake, na kwa mtoto wa horni ya alto ni G ya karatasi yake. Vidole mbali mbali, lakini wote wawili wajua kwamba wako nyumbani, penye do. Mwalimu akisimama mbele akasema "sol," bendi nzima yasikia neno moja. Wazee waliosoma seminari zamani watalielewa upesi, kwa kuwa nyimbo za Kigregori ziliandikwa katika mistari minne, na alama ya do ikihamishwa juu au chini kadiri wimbo ulivyotaka. Kwa hiyo katika vitabu tunavyoandika, juu huwa na mistari mitano, kwa kuwa mtoto atakayeendelea ataihitaji, na chini ya kila nota herufi yake. Mwaka wa pili herufi huachwa polepole, kwanza zile za do na sol, halafu nyinginezo.

Sasa tuwaambie kwa nini kitabu kilichonunuliwa mbali hakitoshi, hata kikiwa kizuri na chenye picha. Vitabu vingi huanza na sauti tano za kwanza, do hadi sol. Kwa tarumbeta hilo ni jema: do haina kidole, re ni kidole cha kwanza na cha tatu, mi cha kwanza na cha pili, fa cha kwanza peke yake, na sol tena haina kidole. Mtoto wa miaka kumi aziweza wiki ya kwanza, midomo yake ikikubali. Lakini tazameni tromboni, ambayo haina vitufe bali mkono wa kuvutwa. Sauti zile zile tano kwake ni mahali pa kwanza, pa sita, pa nne, pa tatu, na pa kwanza. Re iko mahali pa sita! Mkono wa mtoto mdogo haufiki huko. Hujinyosha, huinamisha kichwa, huangusha chombo, na wenzake humcheka. Mwisho husema hana kipaji, na mwalimu husadiki. Mtoto hana kosa lo lote: mwandishi wa kitabu hakuupima mkono wake.

Basi katika kitabu chetu tromboni hapewi wimbo wenyewe mwezi wa kwanza. Hupewa do, fa na sol, ambazo ni mahali pa kwanza na pa tatu tu, akizivuta ndefu chini ya wimbo wa tarumbeta. Naye hujiona mtu mkubwa, maana bila yeye wimbo huelea hewani. Sauti hizo tatu zatosha kuwa besi ya nyimbo nyingi za kanisa zinazojulikana. Mkono ukirefuka, re itamngoja.

Vile vile kitabu cha mbali hakijui baridi yetu. Uwanda wa Ufipa hapa Sumbawanga u karibu mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai mnazijua wenyewe. Katika hewa baridi sauti huenda polepole zaidi, na tarumbeta hushuka: tofauti ya digrii kumi na tano yaweza kuishusha karibu nusu ya ile hatua ndogo iliyopo kati ya mi na fa. Wengine husema ni kimo cha mlima. Sivyo, ni baridi. Wenzetu wa Karema na Kirando, walioko chini kando ya ziwa, hawana shida hii, nao hutushangaa tukifika na tarumbeta zilizopanda. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Ufipa hauna wimbo. Una sauti ndefu za kupulizwa polepole kwa muda wa dakika tano, ili pumzi iipashe shaba moto, na chini yake maagizo kwamba mwalimu asisawazishe vyombo kabla ya hapo. Waalimu wenye haraka huuruka ukurasa huo, halafu huwakaripia watoto kwa kosa la hali ya hewa.

Tuseme sasa juu ya nyimbo zenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri, wala hatutaharakisha.

Wimbo wa kwetu, wa kulimia, wa harusi au wa kutwangia, una mwimbishaji na waitikiaji. Mwimbishaji hubadili maneno na kupamba sauti. Waitikiaji hurudia kipande kimoja kifupi tena na tena. Hebu litazameni jambo hili kwa jicho la mwalimu wa bendi. Kitabu cha kigeni huhangaika kutafuta kazi rahisi kwa mgeni na kazi ngumu kwa mzoefu ndani ya wimbo mmoja. Wimbo wa Kifipa umekwisha kugawa kazi hiyo tangu zamani. Kiitikio ni cha wageni: sauti tatu au nne, hurudi mara ishirini, na anayekosa mara ya kwanza ana nafasi kumi na tisa za kujirekebisha pasipo aibu. Wito ni wa mkubwa mmoja mwenye tarumbeta. Mwaka ujao mmoja wa waitikiaji atajaribu wito, na kwa kuwa ameusikia mara ishirini kila siku, hatauhitaji kufundishwa sana. Sisi hatujaona kitabu cha ng'ambo chenye ngazi nzuri kuliko hiyo.

Ila kuuandika ni kazi ya uangalifu. Kifipa, kama lugha nyingi za Kibantu, hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno, na wimbo wa wazee hufuata mwendo huo. Mwalimu akinyosha wimbo ili ulingane na sauti nne za Kizungu, bibi mmoja nyuma atasema, "Maneno hayo hatuyasikii." Mwamini huyo bibi. Kwa hiyo desturi yetu ni kuuandika wimbo kwanza mbele ya wazee wawili au watatu, tukiwaimbia tena yale tuliyoandika mpaka waridhike, ndipo tukae mezani kutafuta sauti ya pili na ya tatu. Tena tunaandika jina la kijiji ulikotoka wimbo, na kazi yake, kama ni wa harusi au wa msiba; isije siku bendi ikampokea mgeni kwa wimbo wa kuzikia.

Mapigo nayo yana tabu yake. Nyimbo zetu nyingi huenda kwa mapigo sita, na sita hugawanyika kuwa tatu na tatu, au mbili na mbili na mbili, na mara nyingi ngoma hufanya hivi wakati makofi yanafanya vile. Padre wa Kianglikana A. M. Jones, aliyefundisha miaka mingi Mapanza katika nchi ambayo leo ni Zambia, alitengeneza mashine ambayo wapiga ngoma waligonga vibao vya chuma na kalamu zikaandika kila pigo juu ya karatasi iendayo, ili aone kwa macho jinsi mikono inavyopishana. Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1959. Sisi hatuna mashine, lakini tuna karanga na maji. Kundi moja la watoto husema "karanga, karanga," jingine husema "maji, maji, maji." Kila kundi lina silabi sita. Pigo la kwanza la wote wawili huanguka pamoja, lakini angalieni: katika neno karanga ni "ra" iangukayo juu ya pigo, na "ka" hutangulia, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Watoto wakizoea kusema, hupiga makofi. Kisha makofi huwa ngoma. Kisha ngoma huwa tarumbeta. Karatasi huonyeshwa mwisho kabisa, nao husema, "Kumbe ni karanga tu." Kwa sababu hiyo hiyo tenzi za Ulaya, ambazo nyingi huanza na pigo zito, huwavunja wapigaji wetu maneno, na mwandishi wa kitabu sharti achague nyimbo ambazo neno laweza kutangulia pigo.

Kuhusu karatasi tutasema kwa ufupi. Wimbo usigeuzwe ukurasa katikati, maana mtoto hana mkono wa tatu. Vipande vihesabiwe kwa namba, ili mwalimu aseme "tuanze namba tisa" badala ya kusema "pale pa juu kidogo." Kwa maandamano, kila mtoto apewe kadi ndogo ngumu. Kwa shule isiyoweza kununua karatasi, kitambaa cha amerikani chenye urefu wa mita mbili, kilichoandikwa kwa rangi nyeusi na kutundikwa kwenye mti, chatosha watoto thelathini, nacho hakiraruki wala hakiliwi na mchwa upesi. Curwen mwenyewe alifundisha kwa chati ya ukutani yenye ngazi ya sauti, naye mwalimu akiionyesha kwa fimbo. Na shule isiyo na tarumbeta kabisa isiache kazi: vibuyu vile vya mganda tulivyovitaja huigharimu shule jasho tu, na kila aliyeweza kuimba aweza kuvipiga siku ile ile. Mtoto aliyesoma sauti yake kwa kibuyu mwaka mzima, akipewa tarumbeta, hujifunza midomo na vidole tu. Mengine yote anayo.

Siku hizi iko kompyuta, na iko programu ya bure iitwayo MuseScore, ambayo mwalimu akiiandikia wimbo mara moja huweza kumtolea kila mpigaji karatasi yake katika funguo lake. Tumeitumia, tena tunaipenda. Kazi ya juma zima huwa ya jioni moja, na nakala hutunzwa mahali pawili, jambo ambalo Sontonga hakulipata. Lakini mashine haijui mkono wa mtoto wa tromboni. Itamwandikia re ya mahali pa sita bila huruma. Mwalimu asome kila karatasi na chombo mkononi kabla ya kuichapa. Tena asinakili kitabu cha mtu aliye hai na kukigawa kana kwamba ni chake. Iko Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na hata isingalikuwako, mtunzi naye ana watoto wa kulisha.

Wako wazee wenye hekima wanaotuambia, "Sisi tulijifunza ngoma kwa sikio, na hatukuhitaji karatasi. Mnataka kuwaziba watoto masikio kwa macho." Neno hili hatulipuuzi. Tumeona bendi za mijini ambazo upepo ukipeperusha karatasi moja, mpigaji hunyamaza kama saa iliyosimama. Lakini ngoma ya wazee ilikuwa na kijiji kizima cha kuikumbuka. Mtoto akisahau, shangazi alikuwako, na baba mdogo, na jirani. Bendi ya shule haina kijiji cha namna hiyo. Ina mwalimu mmoja mwenye barua ya uhamisho njiani, na watoto wanaokaa miaka michache. Kwa hiyo kitabu chetu kinaagiza kila wimbo upigwe kwanza kwa sikio, kisha kwa karatasi, kisha karatasi ifunikwe. Mwalimu anayeacha hatua ya kwanza hukosa, na anayeacha hatua ya tatu hukosa vile vile.

Mpaka sasa waalimu wachache tumemaliza sehemu ya kwanza: ukurasa wa sauti ndefu, mazoezi ya karanga na maji, nyimbo nane za sauti tano, na nyimbo sita za Kifipa zenye wito na kiitikio, zote katika karatasi za tarumbeta, horni ya alto, tromboni, tuba, filimbi na ngoma. Sehemu ya pili inangoja nyimbo. Twawaomba wazee wa kila parokia, tangu walioko ziwani hadi walioko bonde la Rukwa, watuchagulie wimbo mmoja au miwili ambayo hawataki ipotee, wamtume kijana anayeweza kuiimba sawasawa. Tutakuwa hapa nyuma ya jukwaa mpaka jua litue, na kesho baada ya Misa. Mwalimu anayetaka kunakili sehemu ya kwanza aje na daftari lake, na penseli; kalamu ya wino tafadhali aiache mfukoni, maana nota hufutwa mara nyingi.